Shoka Liko Wapi

Viatu vueni hapa. Matope ya Wang Lei
hayana adabu kwa ngozi ya dukani.
Kiingilio elfu ishirini kwa mgeni,
elfu tano kwa mwenyeji, mtoto anayelia ni bure.
Mimi Onegi wa Adubango, mkausha angara wa sokoni Pakwach,
na mto huu mnaouona umelala, haujalala:
umenyamaza tu, kama shahidi aliyeitwa jina.

Lile ndilo daraja. Picha msipige, askari anatuona.
Reli ilifika mpaka huku, ikachoka.
Stesheni ingalipo; mbuzi hulala chini ya dirisha la tiketi,
wakingoja, nadhani, behewa la majani.
Na kule kaskazini, Wadelai,
ngome ya waliokuja kutawala.
Wameacha handaki, na mawe machache.
Mkitaka, kesho twende.
Mafuta ya injini ni juu yenu.

Lakini leo, hapa.
Hapa ndipo ndugu walipoachana.

Gipir alitwaa mkuki wa Labongo
alfajiri ile tembo walipoingia shambani.
Hakubisha hodi; tembo hawakubisha.
Mkuki ukaingia tembo, tembo akaingia msitu.
"Nipe mkuki wangu."
"Nitakufulia mwingine."
"Wangu. Uleule."
Akaenda Gipir hadi nchi ya tembo, akarudi nao,
na shanga kiganjani, zawadi ya kikongwe.
Mtoto wa Labongo akaokota moja, akameza.
"Nipe ushanga wangu."
"Nitakutafutia mwingine."
"Wangu. Uleule."

Hapa hushusha sauti, wageni wakainama.
Kisu kilipopita sisemi.
Basi wakateremka mpaka maji haya,
wakazika shoka kati yako na yangu.
Mmoja akabaki mashariki, mmoja akavuka,
na sisi ni mbegu ya aliyevuka.

Leo binti mmoja, pengo mbele, kofia ya baba yake kichwani,
akauliza: "Shoka liko wapi?"
Nikanyoosha kidole bila kufikiri.
Pale. Penye magugu maji, panapoiva weusi.
Wote wakapiga picha.

Pale ndipo redio ilipozama.

Redio ya marehemu baba, ya betri sita,
mlango wa nyuma umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Alirithi kaka yangu, Openjuru.
Niliichukua wiki ya matanga ya shangazi,
yeye hayupo, nikasema nitamwambia nikirudi.
Mtumbwi ukayumba.
Ilizama ikisoma salamu za wasikilizaji,
fulani wa Nebbi awasalimu fulani na fulani,
mpaka maji yakaingia kwenye jina.

Nikanunua mpya, yenye tochi ubavuni.
Hakuigusa.
"Ya baba," alisema. "Ileile."
Mwaka wa saba huu anakaa Purongo, ng'ambo ya daraja.
Kwa pikipiki hata jasho halikauki njiani.

"Mbona hawakuzamia wakalitoa?" binti akauliza.
Kuna viboko, nikamjibu.
Na kweli, viboko wapo.

Jioni hukagua kitabu cha wageni,
jina, utokako, maoni.
Wa Soroti ameandika: pazuri, ila choo.
Wa Kampala amechora moyo.
Binti amechora shoka, lina mpini mrefu kuliko mto.
Nikafungua nyuma, kurasa za Jumanne,
siku niliyokuwa kliniki na mama,
zamu akashika kijana wa jirani.
Mstari wa nne, herufi ya pe yenye mkia wa kenge,
mkia aliochapwa nao darasa la tatu hakuuacha:
Openjuru. Purongo.
Penye maoni, kalamu imegusa karatasi
ikaacha nukta.

Nikamwita kijana. Alikaa sana?
"Alisimama tu majini, mpaka magotini.
Hakutaka maelezo."
Na alilipa ngapi?
"Elfu ishirini. Nilimwambia wewe si mgeni,
hiyo lugha ni yetu.
Akasema andika hivyohivyo."